Walidhani wanakwenda dago

*Siasa za nyumbani zikichafuka, watu hufunga virago kwa hesabu ya miezi. Yaliyowapata Wazanzibari na jirani zao yanaonyesha jinsi hesabu hiyo inavyokosewa.*

Na Mwandishi Wetu

Mwishoni mwa Januari kaskazi huwa imeshika katika mkondo wa Pemba. Mashua inayotoka Wete au Micheweni kwenda Shimoni, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, huupokea upepo ubavuni, na nahodha mzoefu hahitaji dira kuifuata njia. Ni kilomita 40 hadi 60 hivi, kutegemea imeng'oa nanga wapi. Wavuvi wa Kipemba wameikata bahari hiyo tangu enzi za mababu wakienda dago, yaani kupiga kambi ugenini kwa kuwafuata samaki. Hupakia nyavu, madema, madumu ya maji, unga na sufuria. Msimu ukiisha hurudi kwao. Neno lenyewe lina ahadi ndani yake: aliyekwenda dago hajahama.

Katika siku zilizofuata Januari 27, 2001, mashua zilizoshika njia hiyo hazikuwa na habari ya samaki. Zilibeba watu. Polisi walikuwa wamewafyatulia risasi waandamanaji wa Chama cha Wananchi, CUF, waliokuwa wakipinga uchaguzi wa Oktoba 2000. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliouawa wasiopungua 35 na majeruhi zaidi ya 600. Tume ya serikali iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja vifo 31. Hata ukichukua hesabu ndogo, kwa visiwa ambavyo watu hujuana kwa ukoo, hiyo ni misiba ya vijiji vizima.

Watu wapatao 2,000 walivuka. Tanzania, ambayo wakati ule ilihifadhi zaidi ya nusu milioni ya wakimbizi kutoka Burundi na Kongo, ikajikuta ina wakimbizi wake yenyewe ng'ambo ya mpaka.

Robo karne baadaye swali la wale wa Shimoni, kuondoka au kubaki, limerudi barazani. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 uliandamana na vurugu, intaneti iliyozimwa, amri ya kutotoka nje jijini Dar es Salaam na vifo ambavyo idadi yake bado inabishaniwa. Wenye pasipoti wanaulizana waende wapi. Wasio nazo wanaulizia zinapatikanaje. Na wazee, wale walioiona 1964, wanasikiliza tu.

Jibu haliwezi kufanana kwa watu wote. Lakini kipo kipimo ambacho wanaobishana hukisahau, nacho ni muda. Anayekimbia huiangalia hatari iliyosimama mlangoni pake, na ana haki. Miaka atakayokaa nje haihesabu, kwa sababu moyoni mwake anakwenda dago.

Meli iliyokataliwa Mombasa

Zanzibar ilipata uhuru Desemba 10, 1963. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, Januari 12, 1964, Mapinduzi yakaiangusha serikali ya vyama vya ZNP na ZPPP, na pamoja nayo Sultani Jamshid bin Abdullah. Alikuwa na umri wa miaka 34, na kwenye kiti alikuwa amekaa miezi sita tu.

Alipanda meli yake, Seyyid Khalifa, pamoja na jamaa na watu wake, ikaelekea Mombasa. Kenya yenyewe ilikuwa na mwezi mmoja wa uhuru na haikutaka balaa la jirani. Haikumruhusu kushuka. Meli ikageuza kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko akapanda ndege hadi Uingereza.

Wapo waliodhani ni suala la muda mfupi, kwamba wakubwa wa dunia wangeingilia kati mambo yakarudi kama yalivyokuwa. Miezi mitatu baadaye, Aprili 26, Zanzibar ikaungana na Tanganyika. Sultani akatulia Southsea, Portsmouth, mji wa bandari wa Kiingereza, katika nyumba ya kawaida kama za majirani zake. Aliomba kwenda Oman, asili ya ukoo wake, akakataliwa kwa miaka mingi. Ruhusa ilikuja mwaka 2020, alipotimiza miaka 91. Alifariki Muscat Desemba 30, 2024.

> Alikaa kwenye kiti miezi sita. Uhamishoni alikaa karibu miaka 61.

Mfalme hakosi wa kumpokea. Wengine waliondoka na walichoweza kushika mkononi. Maelfu ya watu waliuawa katika siku zile, na wanahistoria hawajakubaliana ni maelfu mangapi. Waarabu, Wahindi, Wangazija na hata Waafrika waliokuwa upande wa Hizbu, yaani ZNP, walitawanyika kwa majahazi, meli na ndege. Familia moja ya Kiparsi, ambayo baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, ilihamia Feltham, viungani mwa London. Kijana wao Farrokh Bulsara alikuwa na miaka 17. Dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury.

Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Malindi mjini Unguja, alikaa miaka kadhaa chini ya utawala mpya kabla ya kuondoka. Enzi zile mtu hakutoka visiwani kwa kununua tiketi tu. Kutoka bila ruhusa lilikuwa kosa. Alifika Uingereza mwaka 1968, akafanya kazi ya kusukuma wagonjwa hospitalini, akasoma, akawa profesa. Hakukanyaga tena Zanzibar hadi 1984, baba yake akiwa amebakiza siku chache za kuishi. Alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, Oktoba 2021, Watanzania walishangilia asubuhi, na jioni wakaanza kubishana kama ni Mtanzania.

Wamanga hapa, Wazanzibari kule

Kwa wengi wa walioondoka 1964, Oman ilikuwa jina la asili kuliko mahali pa kwenda. Sultani Said bin Taimur alikuwa ameifunga nchi: shule zilikuwa tatu, na hata mwenyeji aliyekwenda kusoma nje alitazamwa kwa wasiwasi. Wazanzibari wakasubiri Dubai, Kuwait na Cairo, wakifundisha, wakishika vitabu vya hesabu, wakiuza katika maduka ya watu.

Julai 23, 1970 Qaboos bin Said alimpindua baba yake, akawaita Waomani walio nje warudi. Fedha za mafuta zilikuwapo, watu wa kuzitumia hawakuwapo. Nchi ilihitaji walimu, makarani, wauguzi na wahandisi mara moja, na hapo ndipo elimu ya Unguja ilipolipa. Waliofika wakizungumza Kiingereza safi na Kiarabu cha kubabaisha walijikuta wizarani na katika kampuni ya mafuta.

Kichekesho ni kwamba waliokuwa wakiitwa Wamanga Zanzibar, na kuambiwa warudi kwao, walipofika kwao wakaitwa Wazanzibari. Mpaka leo katika nyumba nyingi za Muscat Kiswahili ndicho kinachotumika jikoni, urojo unapikwa, na kuna mabibi wanaowakemea wajukuu kwa lafudhi ya Mji Mkongwe ambayo Mji Mkongwe wenyewe umeanza kuisahau.

Hii ndiyo hadithi inayosimuliwa zaidi na wanaosema heri kuondoka. Ni ya kweli, ila ina upande ambao hauonekani kwenye picha za harusi za Muscat. Kati ya 1964 na 1970 ni miaka sita ya kusubiri bila kujua unasubiri nini. Na Oman ilifunguka kwa wenye ukoo wa Oman. Mngazija au Mshirazi wa Makunduchi aliyeogopa serikali ileile hakuwa na Qaboos wa kumwita.

Zanzibar nayo ilibaki na madarasa bila walimu. Kizazi kilichosomeshwa na kodi ya karafuu kikaenda kujenga wizara za nchi nyingine.

Marehemu hapigi kura

Hoja ya wanaosema ondoka ni fupi: marehemu hapigi kura. Wanao mifano, na hawahitaji kwenda mbali kuitafuta.

Abdulla Kassim Hanga aliwahi kuwa waziri mkuu wa Zanzibar katika siku za mwanzo za Mapinduzi. Othman Shariff alikuwa mmoja wa vigogo wa chama cha Afro-Shirazi na baadaye balozi. Wote wawili walikuwa Tanzania Bara wakati hasira za Unguja zilipowaelekea. Mwaka 1969 walirudishwa Zanzibar. Hawakuonekana tena.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, kuanzia 1969, kwa kijikaratasi chenye swali tu, *Kenya: Twendapi?* Alipotoka 1972 hakungoja swali la pili. Alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi katika taasisi ya Kiswahili ya chuo kikuu, kisha London kwenye idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha Leipzig, Ujerumani, akifundisha lugha ileile aliyofungwa kwa kuiandika. Mashairi aliyoyatunga gerezani, *Sauti ya Dhiki*, yalichapishwa Kenya mwaka 1973 yeye akiwa ng'ambo, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo iliyobeba jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga. Nchi zetu hazikosi vituko.

Mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda London mwaka 1982 kuzindua kitabu. Huko akapata habari kwamba akirudi atapokewa na polisi. Safari ya kuzindua kitabu ikawa uhamisho wa miaka 22. Rais Daniel arap Moi alipoondoka madarakani, Ngũgĩ akarudi, mwaka 2004, akalakiwa na umati uwanja wa ndege. Siku chache baadaye yeye na mkewe walivamiwa na majambazi katika makazi yao jijini Nairobi, wakatendewa ukatili. Alirudi Marekani, na huko ndiko alikofia Mei 28, 2025.

Kisha kuna Tundu Lissu, mwanasiasa wa upinzani wa Tanzania. Septemba 7, 2017, saa za mchana, alipigwa risasi 16 ndani ya gari lake nje ya makazi yake Dodoma. Usiku huohuo alipelekwa Nairobi, na Januari iliyofuata Ubelgiji. Hakuna anayeweza kumwambia mtu wa aina hiyo kwamba alikosea kuondoka. Alirudi Julai 2020 akagombea urais, akaondoka tena Novemba baada ya uchaguzi, akarudi Januari 25, 2023 baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuondoa zuio la mikutano ya hadhara. Mwenzake Godbless Lema, aliyekuwa amevuka kwenda Kenya na familia yake na kuishia Kanada, alirudi Machi 1 mwaka huohuo. Kwa muda ilionekana kama msimu wa dago umekwisha salama. Aprili 2025 Lissu alikamatwa Mbinga na kufunguliwa mashtaka ya uhaini.

Anayetetea kuondoka atasema: mnaona, alirudi mapema mno. 

Na mlango wa Kenya, ambao wengi huupigia hesabu kwa kuwa ni wa basi tu kupitia Namanga au Horohoro, hauna uhakika. Ulifungwa kwa Jamshid mwaka 1964. Novemba 2024 Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alitekwa Nairobi, na siku chache baadaye akaonekana Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Januari 2025 mwanaharakati wa Kitanzania Maria Sarungi Tsehai alitekwa na watu wenye silaha jijini humohumo, kisha akaachiwa baada ya saa kadhaa. Ujirani mwema unaweza kumgeukia mkimbizi.

Maalim alirudi kila mara

Upande wa pili una mtu wake mkubwa. Seif Sharif Hamad, Maalim Seif kwa wengi, alikuwa waziri kiongozi wa Zanzibar kuanzia 1984. Mwaka 1988 alifukuzwa CCM, Mei 1989 akawekwa ndani, akatoka Novemba 1991. Mwaka uliofuata akawa miongoni mwa waasisi wa CUF. Aligombea urais wa Zanzibar mara sita, 1995 hadi 2020, na hakuna hata mara moja alipotangazwa mshindi. Matokeo ya 2015 yalifutwa kabla hayajakamilika kutangazwa.

Mtu aliyenyimwa namna hiyo angeweza kuhamia London au Muscat na kuwa rais wa mahojiano ya redio. Alisafiri sana, alitibiwa nje, lakini alirudi kila mara. Mwaka 2009 alikutana na Rais Amani Abeid Karume, mtoto wa rais wa kwanza, wakafikia maridhiano ambayo Wazanzibari waliyapigia kura Julai 31, 2010. Asilimia 66.4 walisema ndiyo kwa serikali ya umoja wa kitaifa. Maalim akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Alishika tena nafasi hiyo Desemba 2020 na alifariki akiwa nayo Februari 17, 2021.

Wanaoamini kubaki wanasema maridhiano yale yasingewezekana kwa simu kutoka ughaibuni. Ni vigumu kuwabishia. Aliyeondoka hupoteza hisia za mahali: bei ya unga, jina la sheha mpya, nani kaoa wapi na kahamia chama gani. Siasa za visiwani hujengwa kwa vitu vidogo vya namna hiyo, na havisafiri kwa intaneti.

> Maalim akikamatwa dunia huuliza. Mwalimu wa Kojani akikamatwa, anayeuliza ni mkewe.

Lakini mfano wa Maalim una kasoro unapopewa mtu wa kawaida. Nyuma yake walikuwapo watu laki kadhaa, mabalozi na waandishi wa habari. Kumwambia kijana asiye na jina "baki kama Maalim" ni kumkabidhi mzigo bila mabega ya kuubebea. Wale 2,000 wa Shimoni hawakuwa waoga kuliko yeye. Hawakuwa na ngao yake.

Kujilipua

Vijana wa Kitanzania walioko Ulaya wana neno lao kwa kuomba hifadhi ya kisiasa: kujilipua. Anayetaka makaratasi hutengeneza hadithi, hujilipua mbele ya afisa, na akibahatika hubaki. Asiyebahatika huzamia, akaendelea kubeba maboksi gizani. Neno linachekesha mpaka pale mtu mwenye alama za kipigo mgongoni anapoingia chumba kilekile na kukuta afisa amekwishachoka na hadithi.

Sheria yenyewe ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamlinda mwenye hofu ya msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, maoni ya kisiasa au kundi lake la kijamii. Mkataba wa nchi za Afrika wa 1969 ulipanua mlango, ukawaingiza wanaokimbia machafuko yanayovuruga amani ya nchi, na ndio unaofaa kwa mtu wa Shimoni. Nje ya Afrika hauna nguvu. Kuchoshwa na serikali, kutoamini uchaguzi, kuona nchi inakwenda mrama: haya ni malalamiko ya haki kabisa, ila hayampi mtu hifadhi Brussels wala Toronto. Huko atahitaji kazi, chuo au ndoa kama mhamiaji mwingine yeyote.

Aliyekubaliwa hupewa hati ya kusafiria ya mkimbizi. Uingereza jalada lake ni la buluu. Ndani kuna maelezo ya inakoruhusu kwenda, na nchi moja inatengwa: ile aliyoikimbia. Kuna watu waliokitazama kijitabu hicho usiku ambao simu imelia kutoka nyumbani na sauti ya ndugu ikasema "jikaze". Akienda kuzika kwa pasipoti ya zamani anajiweka katika hatari ya kuambiwa kwamba hofu yake imekwisha, maana mkataba wenyewe unasema hifadhi hukoma kwa anayerudi chini ya ulinzi wa nchi yake. Kwa hiyo huzika kwa simu. Mtu amesimama mbele ya kaburi akishika simu juu, sauti inakatika, udongo unaanza kumwagwa, intaneti inagoma. Waswahili hawana jambo kubwa kuliko kuzikana, na hili ndilo ambalo hakuna anayeliandika kwenye hesabu ya gharama za kuondoka.

Kwa Mtanzania kuna fundo jingine. Sheria ya uraia haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Mkenya aliyechukua pasipoti ya Kanada bado ni Mkenya tangu Katiba ya 2010. Mganda na Mnyarwanda nao wanaweza kubaki na uraia wa nchi zote mbili. Mtanzania akichukua ya kigeni ameuaga uraia wa nchi yake. Marekebisho ya miaka ya karibuni yameanzisha hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, yenye nafuu katika kuingia nchini na kumiliki mali. Ni hatua, lakini mwenye hadhi hiyo hapigi kura. Aliyeondoka kwa sababu ya siasa anarudi akiwa mtu asiye na sauti katika siasa hizohizo.

Waliokwenda dago wakabaki

Safari moja kutoka Pemba inastahili kutazamwa polepole, kwa kuwa haikuwa na risasi nyuma yake kila mara. Wavuvi wa Kipemba waliozoea kwenda dago pwani ya Kenya walianza kubaki huko tangu kabla ya uhuru. Mapinduzi yakaongeza wengine. Walijenga Kwale, Kilifi, hadi Lamu, wakaoa, wakazaa. Hakuna aliyewauliza karatasi wakati bahari ilikuwa moja.

Baadaye karatasi zikawa kila kitu. Mjukuu wa mvuvi aliyezaliwa Kilifi, asiyeijua Wete, alikosa kitambulisho cha Kenya kwa kuwa ni Mpemba, na cha Tanzania kwa kuwa hajawahi kuishi huko. Bila kitambulisho husajili laini ya simu, hufungui akaunti ya benki, hupewi leseni ya kuvua. Mvuvi mahiri kuliko wote ufukweni alilazimika kuvua kwa jina la mwingine, na kugawana naye samaki.

Serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba mwaka 2023, na Julai mwaka huo Rais William Ruto akaenda Kilifi kuwakabidhi vitambulisho. Walikuwa watu wapatao 7,000. Tanzania nayo imewahi kulipa deni la aina hiyo: Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kulima Ulyankulu, Katumba na Mishamo walianza kupewa vyeti vya uraia mwaka 2014, zaidi ya 162,000 kati yao. Ilichukua miaka 42, nayo husimuliwa kama hadithi njema, kwa kuwa kwingineko wapo ambao hawajapata hata hiyo.

Wale wa Shimoni wa 2001 hawakusubiri kiasi hicho, walio wengi. CCM na CUF walitia saini muafaka Oktoba 10, 2001, na watu wakarudi makundi kwa makundi kuokota walichokiacha. Lakini wako waliokuwa wamehamishiwa kambi za Dadaab, kwenye joto na vumbi la kaskazini mashariki mwa Kenya, mbali na bahari waliyoizoea. Baadhi yao hawakuamini muafaka. Wakaendelea mbele badala ya kurudi nyuma, wakavuka mpaka mwingine na kuishia Mogadishu, mji ambao wakati huo wenyeji wake walikuwa wakiukimbia.

Kundi la watu 38 kati yao lilirejeshwa Zanzibar kutoka Mogadishu Julai 2012, kwa msaada wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Walikuta serikali ya umoja wa kitaifa ina mwaka wa pili na Maalim Seif ni Makamu wa Kwanza wa Rais. Mtoto aliyezaliwa usiku mashua zilipoanza kuvuka angekuwa na miaka 11, na kama angebaki Micheweni angekuwa darasa la tano.